Fizi Zilizorudi Nyuma: Namna ya Kulinganisha Aina za Upasuaji Kabla ya Kukubali

Mtu anayeambiwa kwamba fizi zake zimerudi nyuma na kwamba anahitaji upasuaji mara nyingi hutajiwa aina moja tu ya upasuaji, ile ambayo daktari aliye mbele yake ameizoea. Akienda kwa daktari wa pili hutajiwa nyingine, na wa tatu humwambia kwamba hana haja ya kupasuliwa. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake: wa kwanza anafikiria kufunika mzizi ulio wazi, wa pili anataka kunenepesha ufizi mwembamba ili usiendelee kupungua, na wa tatu anaona kwamba hali imetulia kwa miaka kadhaa na inatosha kuifuatilia. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulinganisha aina hizo za upasuaji kwa kuanzia kwenye vipimo vya kinywa cha mgonjwa mwenyewe, maana jina la upasuaji bila vipimo hivyo halimsaidii mtu kuamua.

Upasuaji wa fizi si kitu kimoja

Uliza kwanza iwapo upasuaji unaopendekezwa ni wa kufunika mzizi au ni wa kutibu ugonjwa wa fizi, kwa kuwa mambo haya mawili huitwa kwa jina lile lile ilhali matokeo yake yanapingana. Katika upasuaji wa kutibu ugonjwa, ufizi hufunuliwa ili daktari auone na kuuondoa ugaga ulioganda kwenye mzizi, ndani ya mifuko yenye kina, yaani nafasi kati ya jino na ufizi, ambayo usafishaji wa kawaida haukuifikia. Fizi zilizokuwa zimevimba zikipona hunywea na kukaza, na hivyo mizizi huonekana zaidi kuliko ilivyokuwa. Daktari hajakosea hapo. Ndivyo upasuaji huo unavyofanya kazi. Lakini mtu aliyeingia akitarajia kufunikwa mizizi, kisha akatoka na meno yanayoonekana marefu zaidi, huhisi ametapeliwa, na chanzo cha yote ni neno moja ambalo hakuna aliyelifafanua.

Maelezo yanayofuata yanahusu upasuaji wa kufunika mzizi na kunenepesha ufizi. Ikiwa fizi bado zinatoka damu zikiguswa, au mifuko iliyozunguka meno ina kina kikubwa, ugonjwa hutibiwa kwanza na upasuaji wa kufunika husubiri.

Tafuta kilichourudisha ufizi nyuma

Ufizi haurudi nyuma bila sababu, na sababu ikiachwa ilivyo, upasuaji mzuri kuliko wote huharibika baada ya muda. Inayojulikana zaidi ni kupiga mswaki kwa nguvu, kwa mswaki mgumu na kwa mwendo wa kwenda na kurudi kama anayesugua sufuria. Dalili zake hutambulika: mizizi huwa wazi upande wa nje wa chonge na magego madogo, fizi za hapo ni safi na hazijavimba, na mara nyingi kuna mchongo mdogo kama wa shoka pale ambapo taji la jino hukutana na mzizi. Mtu anayetumia mkono wa kulia mara nyingi huumia zaidi upande wa kushoto, kwa sababu ndiko mkono unakopata nguvu.

Sababu nyingine ni ugonjwa wa fizi unaokula mfupa, jino lililoota nje ya mstari wa wenzake hata mfupa unaolifunika upande wa mdomo ukawa mwembamba mno, waya za kunyoosha meno zilizolisukuma jino nje ya mfupa, kipini cha mdomo au cha ulimi kinachogonga fizi, tumbaku inayowekwa kati ya mdomo na fizi, na utepe wa nyama unaounganisha mdomo na ufizi ukishika karibu mno na jino. Daktari asiyeuliza lolote kuhusu mambo haya kabla ya kutaja upasuaji amerukia hatua ya mwisho. Wakati mwingine kubadilisha mswaki na mkono unaoushika hutosha kuzuia hali isizidi, na picha zinazopigwa kila baada ya miezi sita zitaonyesha kama ndivyo ilivyo.

Vipimo vitatu vya kuomba viandikwe

Kipimo cha kwanza ni urefu na upana wa mzizi ulio wazi. Daktari huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiegemeza kwenye jino, akahesabu kutoka mstari ambapo enameli, yaani tabaka gumu linalofunika taji, huishia hadi ukingo wa ufizi. Mstari huo unaonekana kwa macho: upande wa taji jino ni jeupe na linang'aa, upande wa pili mzizi una rangi ya manjano iliyofifia. Pale ambapo mswaki umelichonga jino, mstari huwa umefutika, na daktari hulazimika kukadiria ulipokuwa. Hili si jambo dogo, kwa sababu ufizi hauwezi kupandishwa ukashika juu ya enameli. Sehemu ya mchongo iliyo ndani ya taji itahitaji kuzibwa kwa dawa ya rangi ya jino hata upasuaji ukifanikiwa kabisa.

Kipimo cha pili ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho ambacho wagonjwa wengi hawakisikii kikitajwa: hali ya mfupa na ufizi ulio kati ya jino na jino. Kipandikizi, yaani kipande cha tishu kilichohamishwa kutoka mahali pengine, kinachowekwa juu ya mzizi mtupu hakina mishipa ya damu chini yake, maana mzizi haulishi kitu. Kinaishi kwa damu inayotoka pembeni, kwenye vilima vya nyama vilivyo kati ya meno, na kwenye tabaka la ufizi linalokifunika. Vilima hivyo vikiwa vimejaa, kipandikizi kina pa kulishwa na ufizi una pa kushikilia. Vikiwa vimeporomoka, hakuna ustadi wa mkono utakaoupandisha ufizi juu kuliko vilima vyenyewe. Ndiyo sababu mwaka 1985 Preston Miller aliyagawa matatizo haya katika madaraja manne, na mwaka 2011 Francesco Cairo na wenzake wakapendekeza mgawanyo rahisi zaidi wa aina tatu, ambao ndio unaotumika sana sasa. Katika aina ya kwanza, hakuna kilichopotea kati ya meno, na kufunika mzizi wote ni jambo linaloweza kutarajiwa. Katika aina ya pili, kilichopotea kati ya meno ni sawa na kilichopotea upande wa mbele au ni pungufu yake, na hapo mzizi unaweza kufunikwa kwa sehemu, au wote katika hali fulani. Katika aina ya tatu, kilichopotea kati ya meno kinazidi kilichopotea mbele, na kufunika mzizi wote hakutarajiwi kwa upasuaji wowote ule.

Kwa hiyo mtu mwenye aina ya tatu anayelinganisha upasuaji mmoja na mwingine ili apate ule utakaofunika mzizi wote anapoteza muda na fedha, kwa sababu kikomo kimewekwa na mfupa wake. Mwenye aina ya kwanza, kwa upande wake, ana chaguo nyingi zinazofanya kazi, na tofauti kati yake ni maumivu, sura ya ufizi baada ya kupona, na uimara wa matokeo miaka mingi baadaye.

Kipimo cha tatu ni kiasi na unene wa ufizi mgumu uliobaki chini ya ukingo. Ufizi mgumu ni ile nyama ya waridi iliyokaza ambayo haitikisiki. Baada yake huanza nyama nyekundu, laini, inayosogea pamoja na mdomo. Daktari huushika mdomo na kuuvuta nje taratibu: ukingo wa ufizi ukisogea au ukageuka mweupe, ufizi mgumu uliobaki ni kidogo mno. Unene nao hupimwa kwa kukiingiza kile kijiti ndani ya ukingo wa ufizi. Kikionekana kwa nje kama kivuli, ufizi ni mwembamba. Tangu utafiti wa Lang na Löe wa mwaka 1972, milimita 2 za ufizi mgumu zimechukuliwa kuwa kiwango cha kustarehe nacho, ingawa ikakubalika baadaye kwamba mtu anayesafisha meno yake vizuri anaweza kukaa miaka mingi akiwa na pungufu ya hapo bila madhara.

Kuvuta ufizi uliopo

Upasuaji rahisi kuliko wote hauhitaji kipandikizi. Daktari hukata ufizi ulio kando ya mzizi, hulifunua tabaka lake, hulilegeza kwa ndani hadi linyooke bila kuvutika, kisha hulisogeza kuelekea taji na kulishona. Rangi ya ufizi haibadiliki, kaakaa haliguswi, na mgonjwa hupona haraka kuliko katika mbinu nyingine. Masharti yake ni mawili: uwepo ufizi mgumu wa kutosha chini ya mzizi ulio wazi, na uwe mnene. Watafiti walikuta kwamba tabaka lenye unene wa zaidi ya milimita 0.8 hufunika mzizi wote kwa uhakika zaidi kuliko jembamba. Udhaifu wa mbinu hii huonekana baadaye, kwa sababu ufizi mwembamba uliosogezwa tu hubaki mwembamba, na miaka ikipita sehemu ya kilichofunikwa huelekea kufunuka tena.

Ipo pia mbinu ya zamani, iliyoelezwa na Grupe na Warren mwaka 1956, ya kuusogeza ufizi kutoka jino la jirani kwenda pembeni. Bado ina nafasi yake pale ambapo jino moja tu limeathirika na jirani yake ana ufizi mwingi, lakini hatari yake iko wazi: unakopa kwa jirani, na jirani huyo anaweza kubaki na mzizi wazi.

Kupandikiza tishu kutoka kaakaani

Katika mbinu inayochukuliwa kuwa kipimo cha mbinu nyingine zote, daktari huchukua kipande cha nyama ngumu ya ndani ya kaakaa, yaani tishu unganishi iliyo chini ya ngozi ya juu, akakiweka juu ya mzizi, kisha akalivuta tabaka la ufizi na kukifunika. Langer na Langer waliieleza kwa ajili ya kufunika mizizi mwaka 1985. Nguvu yake iko katika kulishwa pande mbili: kwa chini na pembeni kupitia kitanda cha nyama kinachouzunguka mzizi, na kwa juu kupitia tabaka linalokifunika. Ukilinganisha matokeo ya tafiti, kuvuta ufizi pamoja na tishu unganishi ndiko kunakofunika mzizi wote mara nyingi zaidi, na ndiko kunakodumu zaidi, kwa sababu ufizi unaobaki ni mnene. Rangi yake hulingana na ya jirani, ingawa mara chache eneo huonekana limevimba kidogo.

Namna ya kukichukua kipande hicho inastahili swali lake. Baadhi ya madaktari hukata mstari mmoja kwenye kaakaa, huingia kwa ndani na kukitoa kipande, kisha huushona mstari huo, na kidonda hufunga mapema. Wengine huchukua kipande pamoja na ngozi yake ya juu, halafu hukikwangua ngozi hiyo nje ya kinywa. Tishu inayopatikana huwa imara zaidi, lakini kaakaa hubaki na kidonda kilicho wazi. Kaakaa jembamba halina tishu ya kutosha kwa namna ya kwanza. Ndani ya kaakaa pia kuna mshipa mkubwa wa damu, na daktari hupima mapema umbali kati yake na meno kabla ya kuamua ukubwa wa kipande.

Pale meno kadhaa yanapofuatana yakiwa na tatizo hilo hilo, daktari anaweza kutumia njia ya handaki: badala ya kukata vilima vilivyo kati ya meno, huulegeza ufizi kwa vifaa vyembamba kupitia ukingo wake hadi kuwe na njia moja chini ya ufizi wa meno yote, kisha hukipitisha kipandikizi ndani yake kama utepe unaopitishwa kwenye pindo la nguo. Vilima havikatwi, makovu hayaonekani, na damu inayolisha eneo haisumbuliwi sana. Ni kazi ya mkono uliozoea, kwa sababu handaki likipasuka katikati faida yake kubwa huwa imepotea. Mbinu hii na ile ya kuvuta tabaka, zote zikiwa na tishu unganishi ndani yake, hutoa matokeo yaliyo karibu sana. Hapo mimi ningetazama uzoefu wa daktari kuliko jina la mbinu.

Kipandikizi cha juu, na kwa nini bado kinafanywa

Kipandikizi cha ufizi chenye ngozi yake hukatwa juu ya kaakaa, kwa kawaida kikiwa na unene wa milimita 1 hadi 1.5, na kushonwa moja kwa moja mahali kilipohitajika bila kufunikwa na kitu. Wengi hukiogopa kwa sababu mbili, na zote ni za kweli. Rangi yake hubaki ya kaakaa, iliyopauka kuliko ufizi wa jirani, kwa hiyo huonekana kama kiraka, na kidonda cha kaakaa hukaa wazi wiki mbili hadi nne kabla ya kufunga. Aidha, kwa kuwa hakilishwi kutoka juu, uwezo wake wa kufunika mzizi mpana ni mdogo kuliko wa tishu unganishi iliyofunikwa.

Lakini kumtoa mtu kwenye kipandikizi hiki kwa sababu ya sura peke yake kunaweza kuwa kosa. Kwenye meno ya mbele ya chini, ambako mara nyingi ufizi mgumu umekwisha kabisa na utepe wa mdomo unavuta ukingo kila mtu anapozungumza, hitaji la kwanza ni ufizi mgumu mpya na nafasi zaidi kati ya mdomo na ufizi, ili mswaki upate pa kupita bila kuumiza. Hakuna mbinu inayoyatoa hayo mawili kwa uhakika kama hii. Mahali penyewe hufichwa na mdomo wa chini, hivyo kiraka hakionekani kwa urahisi. Tena, kwa baadhi ya watu ukingo wa kipandikizi hutambaa kuelekea taji kwa miezi kadhaa baada ya upasuaji na kufunika sehemu ya mzizi iliyokuwa imebaki.

Anayefanyiwa aonywe kuhusu siku za mwanzo. Kwa siku mbili au tatu kipande huishi kwa majimaji yanayopenya kutoka kitanda chake, kabla ya mishipa midogo ya damu kuunganika. Katika kipindi hicho hugeuka cheupe au cha kijivu, na ngozi yake ya juu hubambuka kama iliyooza. Watu wengi hudhani kimekufa. Kwa kawaida hakijafa: chini ya ngozi hiyo kuna tishu nyekundu inayoendelea kushika, na baada ya siku chache wekundu huo hutokeza juu.

Vitu vinavyotumika badala ya kaakaa

Kwa asiyetaka kaakaa lake liguswe, au mwenye meno mengi kuliko tishu inayoweza kuchukuliwa kwa siku moja, kuna vitu mbadala vinavyowekwa chini ya tabaka lililovutwa. Kuna ngozi ya ndani ya binadamu aliyejitolea viungo vyake baada ya kufa, iliyoondolewa chembe hai zote. Kuna utando wa kolajeni, protini inayoipa nyama uimara, ambao kwa kawaida hutoka kwa nguruwe. Na kuna majimaji ya protini za enameli yanayopakwa kwenye mzizi, ambayo nayo hutokana na meno machanga ya nguruwe. Chanzo cha kitu kitakachowekwa mwilini ni haki ya mgonjwa kukijua, na mwenye kizuizi cha imani au cha msimamo wake aulize mapema, kwa kuwa si kila daktari hukumbuka kulitaja.

Vyote hivi huongeza kitu juu ya kuvuta ufizi peke yake, hasa unene, na humwepusha mgonjwa na kidonda cha pili. Hata hivyo, havijaifikia tishu ya mgonjwa mwenyewe katika kufunika mzizi wote na kudumu. Kwa jino moja lenye ufizi mwembamba sana, sioni sababu ya kuchagua mbadala ikiwa kaakaa lina tishu ya kutosha. Kwa meno manane ya juu yaliyoathirika kidogo kidogo, hesabu inageuka, na kukubali pungufu ndogo ya matokeo ili kuepuka kuchunwa kaakaa mara mbili ni uamuzi wa busara.

Mbinu ya tundu dogo, iliyochapishwa na daktari John Chao wa Marekani mwaka 2012, hutangazwa sana kwa kuwa haina mishono mingi: tundu hutobolewa juu ya mizizi, ufizi hulegezwa kwa ndani na kushushwa, kisha vipande vya kolajeni hujazwa ili vishikilie. Inaweza kufaa kwa meno mengi ya aina ya kwanza. Tafiti zilizoilinganisha ana kwa ana na tishu unganishi ni chache, na anayeiuza kama tiba ya kila kinywa anakwenda mbele ya ushahidi.

Kuweka vipimo na mbinu pamoja

Chukua chonge la juu lenye mzizi wazi wa milimita 3, vilima vya pembeni vimejaa, na ukingoni kuna ufizi mgumu mnene. Kuvuta ufizi peke yake kunaweza kutosha, na kuongeza kipandikizi ni bima ya miaka ijayo zaidi ya hitaji la leo. Chonge hilo hilo likiwa na ufizi ambao kijiti kinaonekana ndani yake, tishu unganishi inakuwa ya lazima. Jino la mbele la chini lisilo na ufizi mgumu na lenye utepe unaovuta linahitaji kipandikizi cha juu, hata kama mzizi hautafunikwa wote. Meno matano ya juu yanayofuatana yanaelekea kwenye handaki, na swali linalobaki ni iwapo ndani yake kutawekwa tishu ya kaakaa au mbadala. Na jino lililopoteza mfupa kati yake na wenzake, lenye mzizi wazi pande zote, kwa kawaida halihitaji upasuaji wa kufunika. Linahitaji fizi zisizo na ugonjwa, na kama sura inamsumbua mwenyewe, kuna vifuniko vya rangi ya ufizi vinavyotengenezwa kwa ajili ya hilo.

Lengo la mgonjwa nalo liwekwe mezani. Anayesumbuliwa na ganzi ya meno anapokunywa maji baridi ajaribu kwanza dawa ya meno ya kupunguza ganzi kwa wiki kadhaa, floridi ya kupaka, au kuzibwa kwa mchongo, kwa sababu upasuaji hupunguza ganzi kwa watu wengi lakini hauiahidi. Anayesumbuliwa na sura atazame kama mizizi yake huonekana anapocheka. Mdomo wa wengine huifunika, na upasuaji wa kuficha kisichoonekana hauna maana. Anayeambiwa kwamba asipopasuliwa jino litang'oka aombe maelezo ya ziada, maana kurudi nyuma kwa ufizi upande wa nje pekee, bila ugonjwa, ni nadra kumng'oa mtu jino.

Gharama inayolipwa na mwili

Upasuaji wa aina zote hizi hufanywa kwa sindano ya ganzi, mara nyingi kwa saa moja hadi mbili. Maumivu makubwa hutoka kaakaani kuliko kwenye jino, na wanaochunwa ngozi ya juu huumia zaidi. Uliza kama utatengenezewa kibati cha plastiki cha kufunika kaakaa. Kifaa hicho kidogo huwatofautisha wanaokula uji kwa raha na wanaouogopa. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Eneo lililopasuliwa halipigwi mswaki kwa takriban wiki mbili. Badala yake hutumika dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ambayo huacha madoa ya hudhurungi kwenye meno na kuharibu ladha ya chakula kwa muda, na vyote viwili huondoka. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni la udadisi. Mgonjwa husimama mbele ya kioo, akaushika mdomo kwa vidole viwili na kuuinua ili aone mishono. Mdomo ule umeunganika na ufizi ulioshonwa, na kuuvuta ni kukivuta kipandikizi wakati mishipa yake ya damu ni myembamba kuliko unywele. Anayetaka kuona asubiri siku ya kutolewa nyuzi.

Sigara huibana mishipa hiyo hiyo, na wavutaji hupata ufunikaji mdogo kuliko wasiovuta katika mbinu nyingi. Daktari anayekataa kumpasua mvutaji hadi aache kwa muda hamdharau. Kisukari kisichodhibitiwa, dawa za kupunguza kuganda kwa damu na dawa za mifupa zitajwe zote kabla ya kupanga siku, na mtu asiache dawa yake yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Anayetarajia kunyooshwa meno kwa waya amweleze pia daktari wa waya, kwa sababu wakati mwingine ufizi hunenepeshwa kabla ya jino kusogezwa, na wakati mwingine jino likirudishwa ndani ya mfupa ufizi hukaa vizuri zaidi na upasuaji huwa mdogo.

Maswali ya kumwuliza daktari

Ukiwa na vipimo mkononi, muulize kila daktari: tatizo langu ni aina ipi kati ya zile tatu, na kwa aina hiyo anatarajia mstari wa ufizi ufike wapi? Atie alama kwenye picha ya jino lako. Muulize mbinu anayopendekeza ameifanya mara ngapi na kama anaweza kukuonyesha picha za wagonjwa wake baada ya mwaka mmoja, si baada ya wiki tatu, kwa kuwa wiki tatu fizi zote hupendeza kwa uvimbe. Muulize atafanya nini ikiwa atafungua na kukuta tishu ya kaakaa haitoshi. Anayejibu swali hili la mwisho bila kusita ameshakutana na hali hiyo.

Baada ya upasuaji, usihukumu matokeo kabla ya miezi sita, na kipimo cha haki zaidi ni cha mwaka mmoja, kikichukuliwa kwa kijiti kile kile na picha ya upande ule ule. Ikiwa wakati huo milimita moja ya mzizi bado iko wazi lakini ufizi umekuwa mnene, hautoki damu na ganzi imeondoka, mimi singekubali kurudi kwenye kiti kwa ajili ya milimita hiyo.